Shajara ya kuanzisha ofisi ya miradi katika kampuni ya usambazaji, Dar es Salaam

5 Februari 2024: Tulipoanzia

Kampuni yetu inauza bidhaa za jumla: unga, mchele, sukari, mafuta ya kula na sabuni. Makao makuu na ghala kubwa viko Barabara ya Nyerere, na tuna matawi Morogoro, Dodoma na Mbeya. Mwishoni mwa mwaka jana Bodi iliuliza tuna miradi mingapi inayoendelea. Fedha wakasema 11, Uendeshaji wakasema 14, TEHAMA hawakujibu kabisa. Tulipokaa kuiorodhesha mmoja mmoja ikafika 17, na miwili kati ya hiyo wasimamizi wake walikwishaacha kazi kampuni.

Ndipo ikaamuliwa iundwe ofisi ya miradi. Mimi nimehamishwa kutoka Uendeshaji, na tumemwajiri kijana mmoja mchambuzi. Ofisi yenyewe ni chumba kilichokuwa stoo ya mafaili. Shajara hii naiandika kwa ajili ya wenzetu wa kampuni za kati watakaotaka kufanya kama sisi, au kinyume chetu.

Mwongozo wa PMI, taasisi ya Marekani ya usimamizi wa miradi, unaoitwa PMBOK, katika toleo la 2013 uliziweka ofisi za namna hii kwenye mafungu matatu. Kuna ya kusaidia, inayotoa fomu, mafunzo na ushauri. Kuna ya kudhibiti, inayohakikisha utaratibu unafuatwa. Na kuna ya kuelekeza, inayoiendesha miradi yenyewe. Bodi imechagua ya kudhibiti, kwa hoja kwamba watu hawana nidhamu ya kuripoti. Bajeti ni shilingi milioni 35 hadi Februari mwakani, mishahara haimo.

4 Machi 2024: Fomu na programu

Mshauri kutoka nje alilipwa 9,000,000 akatuletea kabrasha la fomu: hati ya kuanzisha mradi, daftari la hatari, mpango wa mawasiliano, ripoti ya wiki ya kurasa nne. Baadaye mchambuzi wetu aligundua kwamba kabrasha lote limechotwa kwenye toleo la sita la mwongozo uleule, la 2017, lenye taratibu 49. Toleo la saba la 2021 liliuacha mpangilio huo likaja na kanuni 12 na maeneo 8 ya utendaji, na msisitizo ukahama kutoka kwenye kufuata hatua kwenda kwenye faida ambayo mradi unaleta. Anayetaka kuajiri mshauri amuulize kwanza anafanyia kazi toleo gani.

Tumekodi pia programu ya mtandaoni ya kufuatilia miradi. Ni dola 10 kwa mtu kwa mwezi, watu 40, mwaka mzima: dola 4,800. Kwa kiwango tulichopewa cha shilingi 2,550 ni 12,240,000. Muuzaji alitaka fedha yake ifike kamili, kwa hiyo kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo kabla hayajamfikia muuzaji, tukaibeba sisi. Ni asilimia 15 ya malipo yote pamoja na kodi yenyewe, na jumla ikawa 14,400,000. Dola zilikuwa adimu, na benki ilituweka foleni kwa siku kadhaa kabla ya malipo kutoka. Fedha za programu za kigeni ziombwe mapema, na kodi ya zuio iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Mafunzo ya ndani kwa wasimamizi wa miradi, pamoja na chakula na ukumbi: 3,600,000. Hayo yalienda vizuri, sina la kuongeza.

Ripoti zitaletwa kila Ijumaa kabla ya saa nne asubuhi. Kijani maana yake mradi uko sawa, njano uangaliwe, nyekundu umekwama.

22 Aprili 2024: Kila kitu kijani

Ripoti zinakuja kwa wakati, hata mwezi wa Ramadhani hazikukatika. Miradi 15 kati ya 17 ni ya kijani. Bodi ilifurahi, sisi tukaanza kupata wasiwasi, kwa sababu hakuna hata mradi mmoja uliofungwa tangu tuanze.

Wiki iliyopita tulikwenda Kibaha kuangalia upanuzi wa ghala, ambao ripoti yake inasema umefika asilimia 80. Mvua za mwaka huu hazina mchezo, barabara ya kuingilia ilikuwa matope matupu na gari tukaliacha lami. Tulichokuta ni nguzo, paa la nusu, na sakafu ambayo haijamwagwa zege hata ndoo moja. Mafundi watatu walikuwa wamekaa chini ya paa wakicheza drafti.

Mkuu wa ghala, mtu mzima aliyeanza kazi hapa kabla sijamaliza shule, hakujificha. "Mdogo wangu, nikiandika nyekundu, Jumatatu naitwa juu kujieleza mbele ya watu. Nikiandika kijani naachwa nifanye kazi. Wewe ungeandika nini?" Na asilimia 80 aliipata wapi? Ni asilimia ya fedha iliyokwishatumika. Fomu yetu iliuliza "maendeleo kwa asilimia" bila kusema asilimia ya kitu gani.

Sababu ya sakafu kutomwagwa haikuwa mvua. Ankara ya saruji ilikuwa inasubiri sahihi mbili makao makuu tangu Machi. Mahali pa kuandika jambo hilo hapakuwepo popote ndani ya kurasa nne. Tuliweka nafasi ya hatari, ya mafanikio ya wiki, ya picha, lakini hatukuweka nafasi ya "nasubiri nini, kwa nani".

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hapa mgonjwa alikuwa na haki yake: zahanati tuliyomfungulia ilikuwa inatoa adhabu badala ya dawa.

Marekebisho: asilimia imefutwa. Mahali pake kuna orodha fupi ya vitu vinavyoonekana kwa macho (msingi, nguzo, paa, sakafu, milango) na kila kimoja kimekwisha au hakijaisha. Rangi zimebaki kwa sababu Bodi inazipenda, lakini tunazipaka sisi ofisini baada ya kuuliza maswali. Msimamizi hajipaki rangi mwenyewe.

Safari za Kibaha na za matawini, mafuta na posho, hadi leo: 1,100,000.

16 Mei 2024: Intaneti

Jumapili ya tarehe 12 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Jumatatu programu yetu ya dola 4,800 haikufunguka. Kikao cha wiki kikafanyikia kwenye ubao mweupe tulioununua Kariakoo, mchambuzi akiandika kwa kalamu majina ya miradi na jambo ambalo kila mmoja unalisubiri.

Kilikuwa kikao kizuri kuliko vyote tangu tuanze, na nimejaribu kuelewa kwa nini. Nadhani ni kwa sababu watu waliliona tatizo la mwenzao. Dada wa manunuzi aliona kwamba miradi mitatu tofauti inasubiri kitu kilekile kutoka kwake, yaani bei za mabati, akaondoka kwenda kuzitafuta kabla kikao hakijaisha. Kwenye programu kila msimamizi alikuwa anafungua ukurasa wa mradi wake tu, kama anafungua kabisa. Tulipoangalia kumbukumbu za matumizi, kati ya watu 40 tuliowalipia, waliokuwa wanaingia kila wiki hawakufika kumi.

Ubao umehamishiwa kwenye korido ya kuelekea kantini, ambako hata dereva anapita. Bei ya ubao na kalamu: 480,000, ukubwa ni mita mbili kwa moja na nusu. Nakala yake tunaiweka kwenye Excel kila jioni na picha inatumwa kwenye grupu la WhatsApp la wasimamizi. Programu tumejaribu kuirudisha, ila mkataba ni wa mwaka na fedha hairudi. Mwenye kufikiria kununua aanze na ubao kwa miezi mitatu, ndipo atajua anahitaji programu ya namna gani, kama anaihitaji.

1 Julai 2024: Daftari la maamuzi

Mwaka mpya wa fedha umeanza leo. Mgomo wa wafanyabiashara wa Kariakoo ulioanza tarehe 24 Juni ulisimamisha majaribio ya programu ya kupokea oda kwa simu, kwa kuwa wateja tuliowachagua kwa majaribio wote wako huko. Wiki ile ya utulivu tukaitumia kufanya jambo ambalo ubao ulikuwa unatuonyesha kila siku.

Jeshi la Majini la Marekani liliunda ofisi ya miradi maalumu mwaka 1955, ambayo baadaye ilisimamia makombora ya Polaris, na mwaka 1958 ikatoka humo chati ya PERT inayoonyesha kazi ipi inasubiri kazi ipi. Mchambuzi wetu aliichora chati hiyo kwa mradi wa Kibaha. Haikutusaidia sana, na sababu yake ndiyo iliyotufundisha: kazi za Kibaha hazikuwa zinasubiriana. Zilikuwa zinasubiri watu waamue.

Kwa hiyo tumefungua daftari la maamuzi. Lina safu tano: jambo linalotakiwa kuamuliwa, anayeamua, tarehe lilipofika kwake, kazi iliyosimama kwa sababu yake, na gharama ya kusubiri kwa wiki. Hiyo ya mwisho ndiyo inayouma. Mafundi waliokaa Kibaha, mashine ya kuchanganyia zege ya kukodi na mlinzi wa usiku vilikuwa vinatugharimu 640,000 kwa wiki bila tofali kuinuliwa.

Siku ya kwanza daftari lilipata maamuzi 23 yaliyokuwa yanasubiri. La zamani kuliko yote lilikuwa na siku 61.

Utaratibu ni huu: jambo likipita siku saba linasomwa kwanza kikao cha Jumatatu. Likipita siku 14 linakwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji, ambaye sote tunamwita Mama, likiwa kwenye karatasi moja.

Halikupokelewa vizuri. Mhasibu Mkuu alisema mbele ya wote kwamba ofisi ya miradi imegeuka mahakama na daftari ni hati ya mashtaka. Alikuwa na hoja. Tulikuwa tumewatoa wasimamizi kwenye kiti cha moto tukawakalisha wakuu wa idara. Tukafuta majina ya watu, tukaandika meza: "meza ya malipo", "meza ya manunuzi", "meza ya sheria". Ni mabadiliko madogo, lakini watu wakaanza kulisoma daftari bila kununa.

19 Agosti 2024: Kupunguza miradi

Kwenye ubao tuliongeza mistari ya majina: nani anafanya kazi mradi upi. Fundi wetu mmoja wa mifumo alionekana kwenye miradi saba. Mhandisi wa majengo, mitano. Hakuna fomu duniani inayoweza kumfanya mtu mmoja amalize miradi saba, na kwa muda wote huu sisi tulikuwa tunamtumia ujumbe kila Ijumaa kumkumbusha ripoti.

Jaribio la kwanza lilikuwa la alama. Kila mradi ulipewa alama 1 hadi 5 kwa vigezo sita, kila kigezo na uzito wake, kisha jumla. Likavunjika siku hiyohiyo. Kila mkuu wa idara aliupa mradi wake tano tano, na miradi 17 ikapishana kwa alama chache zisizo na maana. Jedwali lenyewe lilipendeza, ninalo bado.

Mama ndiye aliyelitatua, kwa mfano wa karibu. Alikumbusha Matokeo Makubwa Sasa ya 2013, pale Serikali ilipoazima mtindo wa Malaysia, ikachagua maeneo sita ya kuanzia (kilimo, elimu, maji, nishati, uchukuzi na ukusanyaji wa mapato) na kuweka chombo cha kufuatilia ndani ya Ofisi ya Rais. Watu hubishana hadi leo juu ya mpango ule ulifikia wapi, na yeye hakutaka kuingia huko. Alichotaka tukione ni kwamba hesabu ya maeneo iliwekwa kwanza, na kwamba kazi zenyewe ziliendelea kufanywa na wizara husika, hazikuhamia kwenye chombo cha ufuatiliaji. "Na sisi ni sita," akasema. "Mmoja ukiisha, mmoja unaingia. Sasa bishaneni."

Wakabishana kuanzia saa tatu asubuhi hadi alasiri. Matokeo: sita inaendelea, mitano iko kwenye foleni kwa mpangilio unaojulikana, miwili imeunganishwa na mingine, minne imesimamishwa moja kwa moja.

Hiyo minne nina la kusema juu yake, maana hapo ndipo wengine watakwama. Katika mapendekezo ya awali fedha iliyobaki kwenye mradi uliosimamishwa ilikuwa irudi Fedha. Kwa masharti hayo hakuna mkuu wa idara ambaye angekubali, na hawakukubali. Tulibadilisha: nusu ya fedha iliyobaki inabaki idarani kwa matumizi yatakayoidhinishwa, nusu inarudi. Tukaandika pia barua ya kufunga inayoeleza mradi ulifanya nini na kwa nini unasimama, yenye sahihi ya Mama, ili msimamizi asionekane ameshindwa. Miwili kati ya hiyo minne wenyewe ndio waliojitokeza kuisimamisha baada ya kusikia sharti jipya. Fedha iliyokuwa haijatumika kwenye miradi yote minne: milioni 71.

30 Septemba 2024: Rafu za Kibaha

Sakafu ya Kibaha imekamilika. Rafu za kupangia mizigo zimefika, na rafu ya juu kabisa iko juu kuliko uma wa folklifti zetu unavyofika. Idhini ya kununua ilitoka kwa siku mbili, haraka ya kujivunia, kwa kuwa hakuna aliyetaka jambo lake lisomwe Jumatatu.

Tuliporudi kwenye daftari na kuangalia maamuzi yote yaliyochelewa, tuliona jambo tulilopaswa kuliona mapema. Takriban nusu hayakuchelewa kwa uzembe wa anayeamua. Yalichelewa kwa sababu ombi lilifika pungufu: bei ya muuzaji mmoja tu, vipimo havipo, bajeti haikutajwa ni ya kifungu kipi. Aliyeombwa aliliweka pembeni akisubiri kuelezwa, aliyeomba akadhani amekaliwa.

Tumeongeza safu ya sita, "taarifa iliyokosekana", na kazi ya mchambuzi imebadilika kuanzia leo. Haandiki tena muhtasari wa ripoti. Anakaa na msimamizi wa mradi kuandaa ombi la uamuzi la ukurasa mmoja kabla halijatumwa: tunataka nini, chaguo ni zipi, kila moja ina gharama gani, tukingoja wiki mbili tunapoteza nini. Mwenye folklifti lazima awe amelisoma ombi la rafu.

Rafu: fundi wa kuchomelea Tabata alishusha ngazi ya juu kwa 2,350,000. Imelipwa na bajeti ya mradi.

4 Novemba 2024: Malango, na watu wa TEHAMA

Kabrasha la mshauri lilitaka kila mradi upite malango manne, yaani vituo vya kuombea idhini ya kuendelea, mbele ya kamati inayokutana mara moja kwa mwezi. Kibanda cha jenereta cha tawi la Morogoro, kazi ya milioni nne, kilisubiri lango la pili kwa wiki tano. Sasa kazi iliyo chini ya milioni 20 haina lango hata moja, mkuu wa idara anaamua na kutujulisha. Zaidi ya hapo malango ni mawili: kabla ya kuanza kutumia fedha, na kabla ya kusaini mkataba mkubwa kuliko yote ndani ya mradi.

Vijana wa TEHAMA walikuwa na kilio chao. Wanafanya kazi kwa vipande vya wiki mbili mbili, mtindo uliopata jina la Agile kwenye ilani ya waandishi 17 wa programu waliokutana Utah, Marekani, Februari 2001. Kila wiki mbili wanaonyesha kitu kinachofanya kazi, na wanabadilisha mpango kulingana na walichokiona. Sisi tulikuwa tunawadai ratiba ya miezi tisa yenye tarehe. Wakawa wanaitunga. Tumeacha kuidai. Tunahudhuria onyesho lao la kila wiki mbili, na tunachofuatilia ni fedha iliyotumika na maamuzi wanayoyasubiri. Ujenzi wa Kibaha unaendelea na ratiba ya tarehe, kwa sababu zege halibadilishwi baada ya kukauka.

13 Januari 2025: Kurudi kwenye mradi uliofungwa

Mradi wa vifaa vya kufuatilia malori ulifungwa Septemba kwa sherehe ndogo na soda. Hati yake ya kuanzisha iliahidi kupunguza matumizi ya dizeli. Hakuna aliyepewa kazi ya kurudi kupima, na hapa kampuni haijawahi kurudi kupima mradi wowote.

Tumerudi. Safari za Mbeya dizeli imeshuka wazi, kwa sababu michepuko njiani na kunyonya tenki kumepungua. Safari za mjini hazikuguswa. Lori la mjini linaunguza mafuta yake likiwa limesimama kwenye foleni ya Tazara na Buguruni, na kifaa kinaweza kukuonyesha foleni lakini hakikuondolei. Mkuu wa usafiri amependekeza mizigo ya mjini itoke saa kumi na moja alfajiri. Hilo ni badiliko la zamu na posho, halikuwemo kabisa kwenye mradi, na ndilo lenye dizeli.

Kuanzia sasa kila mradi unaofungwa unapangiwa tarehe ya kurudi kupima, miezi mitatu au sita baadaye, na jina la mtu wa idara atakayetoa takwimu.

10 Februari 2025: Hesabu

Matumizi bila mishahara: mshauri 9,000,000; programu na kodi yake 14,400,000; mafunzo 3,600,000; ubao 480,000; safari zote 2,900,000. Jumla 30,380,000 kati ya milioni 35. Ningeambiwa nianze upya ningelipia mafunzo, ubao na safari, ambazo ni 6,980,000, nikakaa na zilizobaki.

Daftari leo asubuhi: maamuzi manane yanasubiri, la zamani lina siku 12. Ripoti ya kurasa nne ilikufa kimyakimya mwezi wa kumi, na hakuna aliyeiulizia isipokuwa mkaguzi wa ndani, ambaye tumempa nafasi ya kusoma daftari.

Mkataba wa programu unaisha mwezi ujao na hatuuhuishi. Bodi imeuliza kama ofisi sasa ihamie chini ya Fedha. Nimeandika kwamba isihamie, kwa kuwa meza ya malipo bado ndiyo inayoonekana mara nyingi kuliko meza nyingine kwenye daftari, na si vizuri mwenye meza ndiye ashike daftari. Uamuzi huo nao umeingizwa, mstari wa nane, anayeamua: Bodi, tangu 3 Februari.

Ghala la Kibaha linakabidhiwa Ijumaa. Nafasi yake inachukuliwa na mizani ya malori ya Mbeya, wa kwanza kwenye foleni, unaoanza Jumatatu tarehe 17. Ombi lake la uamuzi limerudishwa mara moja kwa kukosa bei ya msingi wa zege, na mchambuzi yuko kwenye simu na fundi wa Mbeya kuitafuta.